Msiba Hauombi Kibali

Hapo zamani za kale, binadamu akiwa hajajua hata kuchonga kigoda, wanyama tayari walikuwa na ofisi. Ndiyo, ofisi! Usicheke, wewe mwenye muwa mdomoni. Walikuwa na lango na karani wa lango, walikuwa na wakuu wa idara, na juu yao wote mwenyekiti. Walikuwa pia na kamati yenye jina refu: Kamati ya Maendeleo ya Bonde la Kiwawa. Hayo maendeleo yenyewe msiniulize. Mimi nawatajia jina tu.

Katika bonde hilo aliishi Bi Nguchiro. Mnamjua nguchiro? Kanyama kembamba, kafupi, macho hayatulii, asubuhi utakaona kamesimama juu ya kichuguu kanaota jua. Watu humdharau. Mimi simdharau hata kidogo, na mkinisikiliza hadi mwisho, nanyi mtaacha.

Mwaka huo jua liliwaka mpaka Mto Kiwawa ukabaki mchanga mtupu. Sasa sikilizeni vizuri: maji hayakuwa yamekwisha. Yalikuwa chini ya mchanga, na kila mnyama alijua hivyo, mkubwa kwa mdogo. Ila yalikuwa chini sana, na ukichimba kwa vikucha vidogo, mchanga wote unarudi shimoni. Ile ilikuwa kazi ya pembe za Mzee Tembo na kwato za Bwana Nyati.

Na wakubwa hawakuwa na haraka. Ng'ambo ya milima kulikuwa na kinamasi. Kwa miguu ya Tembo, kwenda huko ni kunyoosha viungo tu. Kwa miguu ya nguchiro, ni safari ya kwenda kufia njiani. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, si mnajua?

Bi Nguchiro alikuwa na mtoto mmoja, Kidoti. Walikuwa wakilamba umande alfajiri, mpaka umande nao ukakatika. Kidoti akaacha kucheza. Kisha akaacha kulia. Mama yake akimwita, anafungua jicho moja, analifumba.

"Mama," akasema siku moja kwa sauti ya kukwaruza, "maji yako wapi?"

"Yapo, mwanangu. Yako chini ya mchanga. Nakwenda kuyaomba."

Akamlaza kivulini, akatoka mbio, piri piri piri, hadi ofisini.

Langoni alikaa karani, Bwana Fisi, miguu juu, anachokoa meno.

"Hodi, Bwana Fisi!"

"Una miadi?"

"Nina kiu."

"Kiu siyo miadi. Njoo kesho."

Kesho yake akaja. Akaambiwa aje kesho. Akaja tena. Mwishowe Fisi akachoka kumwona, akampitisha kwa mkuu wa Idara ya Maji, Mzee Kiboko. Kiboko alikuwa anang'aa tope bichi la kinamasini, amependeza kweli kweli.

"Shikamoo, mzee. Naomba tuchimbiwe maji mtoni. Mtoto wangu ananifia."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana." Kiboko akapiga mwayo, aaaah, mnaona hadi koo. "Umesema kuchimba? Unachimba nini?"

"Mchanga, mzee."

"Ahaa! Mchanga ni ardhi. Mimi ni wa maji. Nenda kwa Bwana Nyati, Idara ya Ardhi."

Bi Nguchiro, huyo! Akamkuta Nyati anacheua.

"Unachimba mchanga upate nini?" akauliza Nyati.

"Nipate maji, bwana mkubwa."

"Maji! Sasa maji na ardhi wapi na wapi? Rudi kwa Kiboko. Au sivyo, njoo kesho."

Akarudi kwa Kiboko. Kiboko akamrudisha kwa Nyati. Wakampiga danadana mpaka nyayo zikamuwaka moto. Basi akaona liwalo na liwe. Akapita katikati ya miguu ya Fisi, churupu, akatokea mbele ya mwenyekiti mwenyewe, Mzee Tembo.

Sasa Mzee Tembo, wanangu, hakuwa mtu mbaya. Msimwonee. Alikuwa mpole, mwenye haki, hapendelei mtu. Kosa lake lilikuwa moja: aliupenda utaratibu kama bibi anavyompenda mjukuu, hata ukikosea anaubembeleza.

"Bi Nguchiro," akasema, "nakuonea huruma. Lakini sheria ya kutochimba bila kibali haikutoka hewani. Zamani kila mtu alichimba anapotaka, tukawa na mashimo kila mahali, na marehemu mzee Twiga akavunjika mguu humo. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, mzee. Ni sheria nzuri. Basi nipe kibali."

"Kibali hugongwa kwa nyayo za wakuu kwenye udongo mbichi, ule wa kufinyanga. Bila alama ya unyayo, hakuna kibali."

"Basi gongeni, mzee wangu!"

Tembo akakohoa. "Udongo umekauka. Unataka maji ya kuulainisha."

"Na maji ya kuulainisha yatatoka wapi?"

"Yatatoka kisimani."

"Na kisima?"

"Kinataka kibali."

Bi Nguchiro akamtazama Tembo. Tembo akatazama pembeni, masikio yakipepea, pwa, pwa. Mnaona mambo hayo? Kupata kibali cha maji, uwe na maji kwanza!

"Njoo kesho," akasema Mzee Tembo kwa sauti ndogo. Hata yeye aliona haya.

Bi Nguchiro akarudi nyumbani anapepesuka. Akamkuta Kidoti hajageuka tangu alipomlaza asubuhi. Hapo moyo ukampasuka, akakaa chini, akalia kwa sauti: "Uwiii! Mwanangu mie!"

Jirani yake, Bi Kanga, mnamjua mdomo wake, akadhani mtoto amekwisha kata roho. Akaruka juu ya mti: "Uwiii! Uwiii! Msiba! Msiba kwa Bi Nguchiro!"

Loo! Laiti mngeona. Bonde zima lilisimama. Tumbili wakaja na kuni. Pundamilia wakaja na majani ya kukalia. Ngiri akachukua zamu ya kupokea wageni, Nungunungu zamu ya kufagia uwanja, na hakuna aliyemtuma mwenzake. Hata Bwana Nyati aliacha ofisi akaja mbio, tifu tifu tifu, anahema, na pembe zake tayari kwa kazi.

"Kaburi linachimbwa wapi?" akauliza. "Nionyesheni, nianze!"

"Hajafa, bwana mkubwa," akasema Bi Nguchiro. "Ana kiu tu. Lakini kwa kuwa umekuja na pembe zako, basi—"

"Hajafa?" Nyati akakunja uso. Watu wote walikuwa wanamtazama, mkuu mzima kaja msibani pasipo na msiba. "Aa! Kama hajafa, afuate utaratibu." Akageuka, akaenda zake.

Na wale wengine nao wakakusanya kuni zao, mmoja mmoja, wakaondoka. Bi Kanga akabaki anaomba radhi.

Lakini Bi Nguchiro hakumsikia. Alikuwa amesimama wima, kama vile anavyosimama juu ya kichuguu, macho yanachezacheza.

"Shoga," akasema polepole, "umeona?"

"Nimeona nini? Nimeona aibu tu."

"Umeona kuni zimekuja bila kibali. Umeona Nyati kaja na pembe zake, wala hakumuuliza Kiboko. Kumbe nguvu tunazo, na mpango tunao! Ila hapa kwetu mzima huambiwa njoo kesho, na maiti hushughulikiwa leo leo."

"Sasa unataka nini, Bi Nguchiro? Usinitishe."

"Nataka kuzika."

"Kumzika nani?"

Bi Nguchiro akamnong'oneza. Bi Kanga akaguna, akacheka, akaziba mdomo kwa bawa. "Ee Mungu! Wewe mwanamke wewe! Wakitujua watatufukuza bondeni."

"Wakitujua kabla maji hayajatoka, ndiyo. Na mwanangu hatafika huko tutakakofukuzwa. Kwa hiyo lia, shoga yangu, lia kama hujawahi kulia. Ila sikia: mimi sitasema neno la uongo hata moja. Nawe usiseme."

Kesho yake, jua halijapanda, Bi Nguchiro akajifunga majani kiunoni kama mfiwa. Akamwacha Kidoti chini ya kichaka ukingoni mwa mto, karibu naye. Kisha wakaachia kilio, yeye na Bi Kanga: "Uwiii! Leo ni leo! Leo tunamzika! Jamani, njooni tumzike!"

Bonde likasimama tena. Tumbili hao, pundamilia hao, na safari hii wakaja wakuu wote, maana asiyezika hazikwi, hata awe nani. Tifu, tifu, tifu! Mzee Tembo mbele, Kiboko nyuma yake anajikokota, Nyati, na Fisi anakuja mbio kuliko wote, ulimi nje.

"Makiwa, Bi Nguchiro," akasema Tembo.

"Ahsante, mzee wangu. Marehemu mnamfahamu. Sina haja ya kuwaeleza nyinyi, wakubwa wa ofisi."

Akainamisha kichwa.

Sasa hapa ndipo mmjue Bi Nguchiro. Katika kwenda na kurudi ofisini, alikuwa ameona jambo moja: hakuna mkuu aliyekubali kusema "sijui". Neno hilo lilikuwa mwiko. Mkuu akisema hajui, mwenzake atasema basi hafai.

Nyati ndiye aliyetaka kuuliza kwanza. Akakumbuka aibu ya jana, akaumeza ulimi. "Namfahamu sana," akasema. "Masikini!"

"Mimi ndiyo usiseme," akadakia Kiboko. "Hakuna siku iliyopita asifike ofisini kwangu. Hakuna! Alikuwa mtumishi wa kweli."

"Mimi na yeye tulikuwa chanda na pete," Nyati akasema, asizidiwe. "Kila kazi niliyoishika, alikuwa ubavuni kwangu."

Fisi alikuwa ananusa huku na huku, fi, fi, fi. "Lakini mbona... mbona sisikii harufu?"

Jamani! Bi Kanga alikaribia kuzirai. Bi Nguchiro akainua macho yaliyojaa machozi, na machozi yale yalikuwa ya kweli, maana alikuwa anatazama kichaka alipolala Kidoti.

"Husikii, Bwana Fisi?" akauliza kwa upole. "Pua yako nzima kweli? Karani wa lango asiye na pua, ataendelea kukaa langoni?"

Wakuu wote wakageuka kumtazama Fisi.

"Nasikia! Nasikia sana!" akasema Fisi haraka. "Duh! Kali! Nilikuwa nawapima nyinyi tu. Marehemu? Ndiye aliyekuwa anapokea wageni pamoja nami langoni. Hi hi... maskini!"

Akabaki Mzee Tembo. Yeye, nimewaambia, alikuwa mtu wa haki, na uongo ulimkaa vibaya kooni. Akakohoa. "Bi Nguchiro, nisamehe. Huyu marehemu, kwani ni—"

Kiboko akamkanyaga kidole. "Mzee!" akamnong'oneza. "Mwenyekiti asiyewajua watu wake? Utatuaibisha!"

Tembo akafunga mdomo. Kwa aibu akashika kazi. "Kaburi lichimbwe wapi?"

"Pale, kwenye mpindo wa mto. Mchanga wake ni laini, mzee, unaona mwenyewe."

Tembo akapiga pembe mchangani, kwaa! Nyati akapiga kwato, puu! Kiboko, mwenye mdomo kama beleshi, akakomba mchanga, mkupuo mmoja tu tumbili wanakimbia. Ngiri akashindilia kingo zisibomoke. Yule anachimba, yule anasomba, yule anaimba waendane. Kazi ikaenda, mashallah, ungeipenda. Hakuna aliyeuliza huu ni mchanga wa idara gani.

Kaburi lilipofika kina cha mgongo wa pundamilia, Nyati akasimama. "Linatosha."

"Linatosha?" akasema Bi Nguchiro. "Rafiki yako wa chanda na pete, umzike juujuu hivi? Huyu si wa kuzikwa juujuu, bwana mkubwa. Ukimzika juujuu huyu, kesho utamkuta tena ofisini."

Nywele zikamsimama Nyati. Mzimu! "Chimbeni! Chimbeni chini!"

"Mimi nilimpenda kuliko wewe," akafoka Kiboko. "Sogea!"

Wakashindana kumheshimu maiti. Kwaa! Puu! Kwaa! Mchanga ukaanza kubadilika rangi. Mchanga mkavu ukawa wa baridi. Wa baridi ukawa wa kushikana. Bi Nguchiro alikuwa ukingoni, hapumui, kucha amezing'ata.

Mara Tembo akasukuma pembe mara ya mwisho, akazivuta: chwaaa! Chururu, chururu, chururu... Maji! Maji ya baridi, yanabubujika kutoka chini, yanapanda hadi magotini mwa Tembo.

"Maji!" wakapiga kelele tumbili. "Majiii!"

Bi Nguchiro hakupiga kelele. Alikuwa ameshakwenda. Akamchukua Kidoti mdomoni, akaja mbio, piri piri piri, na alipofika ukingoni, mguu wa Fisi ukashuka mbele yake, twa!

"Wapi?" akasema Fisi. "Hiki kimekuwa kisima. Kisima kina kibali? Hakina! Hakuna kunywa."

"Kweli," akasema Nyati, anajipangusa mchanga. "Na tena, sasa maiti tutamweka wapi? Kaburi limejaa maji."

"Maiti," akasema Mzee Tembo, anatoka shimoni polepole. "Maiti yuko wapi?"

Kiboko akamtazama Nyati. Nyati akamtazama Fisi. Fisi akatazama mawingu.

"Bi Nguchiro," akasema Tembo, na safari hii hakumwangalia Kiboko, "mimi sijui. Nasema mbele za watu wote: sijui. Tumemchimbia nani?"

Bi Nguchiro akamweka mtoto chini.

"Marehemu ni Njoo Kesho, mzee."

"Nani?"

"Njoo Kesho. Si mmesema wenyewe? Mzee Kiboko kasema hakuna siku asifike ofisini kwake. Kweli, nilimkuta pale kila siku. Bwana Nyati kasema kila kazi aliyoishika alikuwa naye ubavuni. Kweli. Bwana Fisi kasema alipokea naye wageni langoni. Kweli tupu! Kama nimesema uongo mimi, nionyesheni ni neno gani. Nimeomba tumzike, mkakubali. Nimeomba tumzike chini, msije mkamkuta tena ofisini. Sasa mnifukuze mkitaka. Lakini mtoto anywe kwanza, maana akifa huyu mtakuja wote mkilia, na kuni mtaleta, na kaburi mtachimba upesi. Mimi sitaki mazishi yenu mazuri. Nataka huo upesi wenu akiwa hai!"

Lo! Bi Kanga akaficha kichwa ndani ya bawa.

Fisi akabweka: "Mzee, afukuzwe! Ametucheza shere!"

"Afukuzwe, sawa," akasema Tembo. "Simama basi uwaeleze watu kwamba ulisikia harufu kali ya maiti asiyekuwepo."

Fisi akakaa.

Tumbo la Mzee Tembo likaanza kutikisika, mkonga ukatikisika, kisha kicheko kikamtoka, hu hu hu hu, mpaka machozi yakamwagika. Halafu kicheko kikakatika, akamtazama Kidoti chini pale, mdomo mkavu, na machozi yakaendelea.

"Pembe nilikuwa nazo siku zote," akasema. "Siku zote!"

"Lakini mzee, kibali..." akaanza Nyati.

"Kibali? Udongo mbichi si huo hapo?" Tembo akainua mguu wake mkubwa, akaushusha kwenye tope la ukingo, chwaa! Alama ikabaki, duara, imekaa vizuri. "Mimi nimegonga. Kiboko, gonga. Nyati, gonga."

Chwaa! Chwaa! Wakagonga, wameinamisha vichwa. Maji yakachuruzika yakaingia kwenye ule unyayo wa Tembo, ukajaa kama bakuli.

"Fisi, toa mguu wako," akasema Tembo.

Na Kidoti akatambaa mwenyewe hadi kwenye bakuli lile, akaingiza ulimi. Lap. Akatulia. Lap, lap. Kisha lap lap lap lap lap! Akafungua jicho moja, akafungua na la pili.

"Mama," akasema, "ya baridi!"

Bi Nguchiro, yule aliyewachezesha wakubwa wote bila kupepesa, hapo ndipo alipolia kama mtoto.

Ofisi haikuvunjwa. Tembo aliiacha, na sheria ya mashimo akaiacha, maana miguu ya twiga bado huvunjika. Ila tangu siku ile, kila mwenye shida alipofika langoni, wakuu walitakiwa kuinuka upesi kama wamesikia kilio cha msiba. Na karani mmoja akisahau, akianza kusema "Njoo ke...", watoto wa bonde walikuwa wanamwonyesha kisima: "Yule tulishamzika pale!"

Basi, wanangu, utaratibu mwema ni ule unaomfikia mtu angali hai.

Hadithi yangu imefika kisimani. Mwenye kiu na anywe, na wewe mwenye muwa, kaokote makapi yako.